Mfuko wa mbolea husema kilichomo, ndoo ya rangi je?

KILA unapokaribia mwezi Desemba, maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Kariakoo hadi vijijini Rombo hupanga ndoo za rangi mpaka barazani. Watu wanarudi nyumbani kwa sikukuu na ukuta lazima upendeze. Wanapaka, wanasherehekea, wanaondoka. Mvua za masika zikipita, ukuta ule ule ukiugusa unaacha unga mweupe kiganjani, na chini ya madirisha rangi imechuruzika kama maziwa. Lawama humwendea fundi, na fundi akikosekana humwendea mwenye duka. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kilichokuwa ndani ya ndoo.

Kwa mtazamo wangu hilo ndilo swali la kwanza, na mwenye duka mdogo ndiye anayepaswa kulidai jibu lake kwa sauti kubwa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndiye anayekutana na mteja uso kwa uso mali ikishaharibika.

Mkulima anaponunua urea anajua amelipia asilimia 46 ya naitrojeni. Akinunua DAP, mfuko unamwambia 18 kwa 46. Chupa ya dawa ya wadudu hutaja kiambata chake na kiasi chake. Hakuna mkulima makini atakayekubali kuuziwa mfuko ulioandikwa "mbolea bora" bila tarakimu. Lakini mkulima huyo huyo akienda kununua ndoo ya rangi ya maji ya lita 20, ambayo bei yake inaweza kushinda ya mfuko wa mbolea, mara nyingi anaridhika na jina la rangi, ujazo wa ndoo na picha ya nyumba nzuri iliyobandikwa ubavuni. Kitu kinachoamua kama rangi itakaa miezi sita au miaka sita hakitajwi, au kinatajwa kwa neno moja tu, "akriliki", bila kusema ni akriliki gani wala kiasi gani.

Kitu hicho ni gundi. Rangi ya maji ina mambo manne makubwa. Kuna maji, ambayo hukauka na kwenda zake. Kuna unga wa rangi, na katika rangi nyeupe unga wa thamani ni titaniamu dayoksaidi. Kuna unga wa kujazia, aghalabu kalsiamu kaboneti, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, pamoja na udongo mweupe. Na kuna gundi, ambayo kazi yake ni kuzishika chembe zote hizo na kuzibandika ukutani. Katika orodha hiyo, gundi na titaniamu ndivyo vitu ghali, na mawe ya kusaga ndiyo rahisi. Anayetaka kushusha bei ya ndoo anajua pa kukata.

Gundi bora za rangi ya maji zinatokana na ukoo wa kemikali uitwao akrileti na methakrileti. Historia yake inapendeza kidogo. Mjerumani Otto Röhm aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu vitu hivi mwaka 1901. Mwaka 1907 alifungua kampuni pamoja na mwenzake Otto Haas, lakini fedha ya kwanza haikutokana na gundi. Waliuza dawa ya kulainishia ngozi za wanyama, iliyochukua nafasi ya kinyesi cha mbwa kilichokuwa kikitumiwa na viwanda vya ngozi Ulaya wakati huo. Biashara ya ngozi ndiyo iliyolea utafiti. Tawi lao la Marekani, Rohm and Haas la Philadelphia, ndilo lililotoa sokoni mwaka 1953 gundi ya kwanza ya akriliki tupu iliyotengenezwa ndani ya maji kwa ajili ya rangi za nyumba. Kabla ya hapo rangi ya maji ya namna hii ilitumika zaidi ndani ya nyumba.

Tuchukue mfano mmoja wa ukoo huo, butili methakrileti, maana kwao unaweza kuelewa zilizobaki. Hutengenezwa kwa kuunganisha asidi ya methakriliki, au ndugu yake methili methakrileti, na kileo kiitwacho butanoli. Kinachopatikana ni kimiminika cheupe kama maji, chenye harufu kali. Molekuli zake zina tabia ya kutaka kushikana mikono zenyewe kwa zenyewe, kiasi kwamba kiwandani huongezwa kizuizi kidogo ndani ya pipa ili mzigo usigande njiani.

Anayetaka gundi hukoroga kimiminika hicho ndani ya maji yenye sabuni, akapasha moto hadi nyuzi 80 hivi za Selsiasi na kutia chumvi ya pasalfeti kidogo. Chumvi ile ndiyo kiberiti. Molekuli moja inashika nyingine, nayo inashika ya tatu, mpaka mnyororo unafikia maelfu ya pingili. Kazi yenyewe hutoa joto kali, kwa hiyo malighafi huingizwa taratibu, la sivyo mtambo wote utachemka. Baada ya saa chache unapata kitu kinachofanana kabisa na maziwa: nusu maji, nusu vidonge vidogo vya plastiki visivyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo gundi inayofika kwenye viwanda vya rangi ikiwa ndani ya mapipa.

Ukipaka ukutani, maji yanakauka, vidonge vinasogeleana, vinabanana, na minyororo ya kidonge hiki inajipenyeza kwenye kidonge cha jirani. Hapo ndipo unapopatikana utando mmoja usiopitisha mvua. Lakini kujipenyeza huko kunahitaji joto. Kila gundi ina kiwango chake cha joto ambacho chini yake ni ngumu kama kioo, na juu yake ni laini kama mpira. Kwa methili methakrileti, ile ya vioo vya plastiki vya mabango, kiwango hicho ni nyuzi 105 hivi. Kwa butili methakrileti ni nyuzi 20 hivi. Kwa butili akrileti, ambayo ni nduguye wa karibu, ni zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Hata butili methakrileti yenyewe, ukiipinda kidogo umbo la mkia wake bila kuongeza wala kupunguza kitu, kiwango kinapanda hadi nyuzi 50 na zaidi. Mkemia wa rangi huchanganya ndugu hawa kama mama anavyochanganya unga wa mahindi na wa muhogo, mpaka ugali ukae anavyotaka.

Hapa ndipo mfanyabiashara wetu anapoingia. Gundi laini sana iliyopangwa kwa nchi za baridi, ukiipaka Dar es Salaam au Dodoma kwenye ukuta unaotazama jua la saa tisa alasiri, inabaki na ulaini wa peremende iliyoshikwa mkononi. Vumbi likitua halitoki tena. Baada ya kiangazi kimoja nyumba nyeupe imekuwa ya kahawia, na mteja anasema rangi "imepauka" wakati imechafuka. Kinyume chake, gundi ngumu ukiipaka Makete au Njombe jioni ya mwezi Julai, vidonge vinakauka kabla havijaungana. Kesho yake ukuta unaonekana mzuri, lakini hakuna utando pale. Kuna chembe zilizopangana tu, na mvua ya kwanza itazibeba. Fundi wa nyanda za juu aanze kupaka jua likishapasha ukuta, na aache mapema alasiri. Vilevile ndoo moja haiwezi kuwa bora kwa Tanga na kwa Makete kwa kiasi kile kile, hata kama tangazo linasema hivyo.

Kuna gundi nyingine inayotumika sana kwa sababu ya unafuu wake, ile ya vinili aseteti, ndugu wa gundi nyeupe ya seremala. Ndani ya chumba kikavu haina ubaya wowote na sitaki mtu aidharau. Tatizo lake ni saruji. Plasta mpya ina ukali wa magadi, na ukali huo ukikutana na unyevu unaikata gundi hiyo pembeni mwa mnyororo, na kinachobaki ni kitu kinachoyeyuka katika maji. Ndiyo sababu rangi iliyopakwa juu ya plasta ya wiki moja hulainika na kubabuka kama ngozi iliyoungua. Methakrileti za butili zinastahimili zaidi, maana mkia wake mrefu unafukuza maji na umbo lake linaifunika ile sehemu inayoshambuliwa. Lakini hata kwa gundi bora, plasta iachwe ikauke walau siku 28. Mteja mwenye haraka ya sikukuu hapendi kusikia hivyo, ila ni kazi ya mwenye duka kumwambia.

Mfugaji wa kuku alitilie hili maanani. Banda lenye mbolea ya kuku hutoa amonia, ambayo nayo ina ukali wa namna hiyo hiyo, na kuta zinaoshwa kwa maji na dawa kila kundi linapotoka. Rangi ya bei ya chini humo ni sawa na kupaka chaki. Afadhali chokaa ya kawaida, ambayo angalau unajua utairudia.

Sasa jua. Watu wengi hudhani rangi huharibiwa na mvua, kumbe mvua hukuta kazi imeshafanywa. Miale mikali ya jua ndiyo inayovunja minyororo ya gundi. Akriliki tupu ina bahati kwamba sehemu kubwa ya miale hiyo inapita bila kuinyonya, na ndiyo maana inaishi muda mrefu nje. Si kwamba haizeeki. Wataalamu wa kuhifadhi picha za makumbusho nchini Marekani, miongoni mwao Robert Feller wa taasisi ya Mellon mjini Pittsburgh, waligundua katika miaka ya 1950 kwamba vanishi ya butili methakrileti iliyoanikwa kwenye mwanga kwa muda mrefu hushikana minyororo kwa minyororo mpaka haiyeyuki tena. Kwa mwenye makumbusho hiyo ni balaa, maana anataka aweze kuitoa vanishi bila kuigusa picha. Kwa mwenye nyumba si balaa hata kidogo.

Balaa la mwenye nyumba ni jingine. Viwanda vingi duniani hupunguza gharama kwa kuchanganya akriliki na stairini. Mchanganyiko huo ni mgumu, unazuia maji vizuri, na ndani ya nyumba unafaa sana, lakini stairini hunyonya miale ya jua, hupata umanjano na kuvunjika mapema. Kopo litaandikwa "akriliki" na halitakuwa limesema uongo mzima. Hali kadhalika titaniamu ina maumbo mawili. Moja, liitwalo rutaili, hukingwa kiwandani ili lisiishambulie gundi. La pili, anataze, ni nafuu, na likipigwa na jua lenyewe huchochea uharibifu wa gundi inayolizunguka. Ule unga unaoachwa kiganjani ndio ushahidi: gundi imeliwa, chembe zimebaki yatima.

Wateja wetu, na hata baadhi ya wenye maduka, wana vipimo viwili vya rangi nzuri: iwe nzito ukiinyanyua na iwe nzito ukiikoroga. Vyote viwili vinapotosha. Lita moja ya gundi ya akriliki kavu ina uzito wa kilo moja na kidogo tu. Kalsiamu kaboneti ina kilo 2.7 kwa ujazo huo huo. Kwa hiyo ndoo inayokuvunja mgongo inaweza kuwa imejaa mawe. Na ule uzito wa kukoroga hutokana na dawa ya kuzidishia ugumu, aghalabu jamii ya selulosi, ambayo kiasi kidogo sana hugeuza maji kuwa uji. Kuna kiwango ambacho unga ukizidi, gundi haitoshi kuzunguka kila chembe, na utando unabaki na matundu kama chapati iliyokosa mafuta. Fundi akiongeza maji kupita maelekezo ili ndoo moja imalize nyumba, anaifanya ile gundi kidogo iwe kidogo zaidi kwenye kila mita ya ukuta.

Wapo watakaosema kwamba mteja wa kijijini anataka bei, hayo mengine ni ya wenye magorofa. Tupige hesabu, na kila mtu aweke bei za kwao. Tuseme nyumba inakula ndoo mbili. Ndoo ya bei ya chini ni shilingi 45,000, na fundi anachukua shilingi 80,000. Jumla ni shilingi 170,000. Ikikaa miaka miwili, ni shilingi 85,000 kwa mwaka. Ndoo bora tuseme ni shilingi 110,000. Mbili pamoja na fundi yule yule ni shilingi 300,000. Ikikaa miaka sita, ni shilingi 50,000 kwa mwaka. Masikini ndiye anayelipa zaidi, kwa vile analipa mara kwa mara. Lakini hesabu hii ina kasoro moja kubwa: inategemea kwamba ndoo ya shilingi 110,000 kweli ina gundi. Leo mnunuzi hana njia ya kujua, na bei peke yake si ushahidi. Ndoo mbovu ikiongezwa bei inakuwa ndoo mbovu ya bei kubwa.

Mwenye duka anaweza kuanza kujilinda mwenyewe bila kungoja mtu. Achukue kibao cha saruji au ukuta wa ubavuni unaopigwa na jua la alasiri, apake mraba mmoja kwa kila rangi anayouza, mikono miwili, aandike tarehe. Baada ya wiki mbili asugue kona ya kila mraba kwa kitambaa chenye maji, na ahesabu ni misuguo mingapi mpaka rangi itoke. Baada ya miezi sita apitishe kitambaa cheusi. Kipimo cha tatu ni cha haraka: pakaa rangi juu ya kipande cha nailoni nene, acha siku saba, kisha kunja. Yenye gundi ya kutosha itajikunja au kubanduka kama ngozi. Yenye mawe itapasuka na kumwagika unga. Si vipimo vya maabara, ila vinapanga rangi kwa safu, na mteja akivionyeshwa hahitaji maneno mengi. Nashangaa ni maduka machache sana yanayofanya hivyo, wakati kila duka lina ukuta.

Neno la pembeni kwa mafundi wanaotoa rangi kuukuu kwa moto wa gesi. Minyororo hii ya methakrileti ikipita nyuzi 300 hufunguka pingili kwa pingili na kurudi kuwa kile kimiminika cha mwanzo, safari hii kikiwa mvuke. Viwanda vinavyorejeleza vioo vya plastiki hutumia tabia hiyo hiyo kupata malighafi upya, na ni biashara nzuri. Juu ya ngazi, mvuke huo unaingia machoni na kifuani. Mabanzi yanayokwanguliwa nayo yasifagiliwe shambani. Hayaozi. Uti wa mnyororo ni kaboni kwa kaboni, na vijidudu vya udongo havina meno ya kuukata. Jua na jembe vitayasaga kuwa vumbi dogo zaidi, basi. Na brashi zisioshewe kwenye mfereji wa kumwagilia wala bwawa la samaki, maana rangi mbichi ina sabuni na dawa za kuzuia kuvu.

Nirudi kwenye ndoo. Wenye viwanda watasema mchanganyiko ni siri ya biashara. Mfuko wa mbolea haujaua kiwanda chochote cha mbolea kwa kutaja tarakimu tatu. Hakuna anayewaomba wataje kila kijiko wanachotia. Ningependa kuona Shirika la Viwango Tanzania (TBS) likidai mistari mitatu tu ubavuni mwa kila ndoo, kwa Kiswahili: aina ya gundi, kama ni akriliki tupu, akriliki na stairini, au vinili, asilimia ya gundi kavu kwa uzito, na kama ni ya ndani au ya nje. Tume ya Ushindani (FCC), ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji, nayo ina la kufanya pale neno "akriliki" linapotumika kama pambo.

Viwanda vinanunua gundi kwa pipa, kwa hiyo vinajua vizuri vimetia kiasi gani. Kampuni nyingi pia zina karatasi ya maelezo ya kiufundi kwa kila rangi, ambayo hupewa makandarasi wakubwa wanapoiomba. Mwenye duka wa Katesh au Mafinga anayechukua ndoo 50 kwa mkupuo ana haki ya karatasi hiyo hiyo. Aiombe kabla ya kulipia mzigo wa Desemba, na wakala akisema haipo, amwombe aandike hivyo kwenye risiti.